Ushindi wa Kupewa

Nilijifunza tenisi kwa mtawa mmoja Mbelgiji aliyecheza huku amebana kanzu yake magotini kwa vibanio vya kuanikia nguo. Uwanja wetu ulikuwa nyuma ya bweni la wasichana. Tuliutengeneza wenyewe kwa udongo wa kichuguu. Tuliumwagia maji, tukaushindilia kwa miguu tukiimba, na mistari tuliichora upya kwa chokaa kila Jumamosi. Wavu ulikuwa wavu wa samaki, ambao mama yangu aliupata kwa wachuuzi waliotoka Pweto, ziwani, na matundu yake yalikuwa makubwa kiasi kwamba tulibishana kila mara kama mpira umepita juu au umepenya katikati.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili katika shule hiyo hiyo iliyonilea. Sikuwa nimeolewa bado, na niliishi kwa wazazi wangu huko cité, mtaa wa weusi. Baba alikuwa fundi wa mabehewa katika karakana ya reli. Mama aliuza samaki wakavu sokoni. Baada ya masomo, jua lilipopoa, mtawa yule aligonga dirisha la darasa langu kwa mpini wa raketi na kuniambia, "Njoo nikufunge."

Na alinifunga kweli, muda mrefu sana. Sista hakujua kumhurumia mtu uwanjani. Alinikimbiza kona hadi kona mpaka nikahisi ladha ya damu kooni. Siku nilipomfunga kwa mara ya kwanza aliitupa raketi chini, akajishika mdomo, akamwomba Mungu msamaha, kisha akadai turudie pale pale. Usiku ule wakati wa sala hakunitazama. Ndivyo nilivyojua kwamba nimeshinda.

Kila kiangazi, baridi ya asubuhi inapouma na moshi wa nyasi zinazoungua umetanda juu ya mji wetu, Élisabethville, klabu ya tenisi ya Wazungu ilifanya mashindano makubwa. Wachezaji walitoka Jadotville na Kolwezi, wengine wakavuka mpaka kutoka Rhodesia. Yalikuwapo ya wanaume, ya wawili wawili, na yale ya wanawake, mmoja kwa mmoja, waliyoyaita simple dames. Sisi tuliyajua kwa kusikia. Watu wa cité waliokanyaga pale walikuwa wapishi, watunza bustani na waokota mipira.

Mwaka huo wageni wakubwa walikuwa wanatoka Brussels, waje kuona jinsi weupe na weusi wanavyoishi pamoja vizuri. Mke wa mkubwa mmoja wa serikali, aliyesimamia foyer ambako wanawake wetu walifundishwa kushona na kupiga pasi, alikuja shuleni siku moja akanikuta nikicheza na Sista. Mji mzima ulimwita Madame tu. Alisimama kando ya uwanja wetu akiwa amevaa glovu, akapiga makofi kila nilipougusa mpira, hata nilipoukosa.

Wiki iliyofuata Sista aliniita ofisini. Madame alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni.

"Utacheza na wanawake wetu," aliniambia kwa Kifaransa. "Uwanja mmoja, mashindano yale yale. Wageni lazima waone hilo."

"Hajawahi kucheza mashindano," Sista alisema.

"Hapo ndipo uzuri wenyewe ulipo."

Sista aliukaza mdomo. Aliniuliza kama nataka. Nilitaka. Nilitaka mno, na sitaki kulificha hilo. Nilikuwa nimecheza miaka yote ile na mtu mmoja, kwenye kichuguu, na nilikuwa na hamu ya kujua mimi ni nani nikisimama mbele ya mwingine.

Baba alipopata habari alitoka nje akasimama barabarani, kana kwamba nyumba imekuwa ndogo. Kesho yake karakana nzima ilijua. Alinunua tai. Mama yeye aliendelea kuchambua samaki wake.

"Na miguu?" aliniuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Utaonyesha miguu kwa bantu bote?"

"Sista anashona robe ndefu, mama."

"Ndefu mpaka wapi?"

Nilimwonyesha chini kidogo ya goti, gauni litakapoishia. Akaupima mguu wangu kwa macho, akarudi kwa samaki wake.

Siku yenyewe ilikuwa ya upepo mkavu. Klabuni hawakujua waniweke wapi nibadilishe nguo, wakaniweka chumba cha mataulo, nikavaa robe yangu nyeupe katikati ya rafu, huku mfuaji nguo, mzee mmoja wa cité, akinigeuzia mgongo kwa heshima na kusema kwa sauti ya chini, "Jikaze, mama." Nilipotoka, nilishtuka kuona uwanja ulivyokuwa mwekundu na laini, kama umepigwa pasi. Upande mmoja walikaa Wazungu chini ya miavuli, na wageni wa Brussels mstari wa mbele pamoja na Madame. Upande wa pili, nyuma ya kamba, walisimama wanaume wachache wa cité waliokuwa wamealikwa. Baba alikuwa kati yao na tai yake, kofia mkononi.

Mpinzani wangu alikuwa mwanamke kijana, mke wa karani wa Kizungu aliyefanya kazi chini ya mume wa Madame. Tulipokuwa tunapasha miili moto nilimtazama anavyopiga. Mpira wake ulitoka kwenye raketi ukilia kama nyoka. Nikajiambia, huyu ni hatari, kimbia tu, rudisha tu.

Mchezo ulipoanza, ule mlio ulitoweka. Alianzisha mpira kama anayewarushia kuku mahindi. Nilirudisha, akapiga nje. Nilirudisha tena, akapiga kwenye wavu. Nikashinda gemu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Wazungu walipiga makofi. Wanaume wa nyuma ya kamba walisahau kwamba wameambiwa wakae kimya.

Gemu hizo nne niliziamini. Nikikumbuka siku ile, hapo ndipo uso wangu unapowaka hata leo nikiwa peke yangu jikoni. Niliamini kwamba Sista amenifundisha kuliko nilivyofikiri. Niliamini kwamba yule mwanamke ananiogopa. Baada ya gemu ya nne niligeuka nikamwinulia baba raketi, juu kabisa, kama nimeua simba. Naye akainua kofia yake.

Katika gemu ya tano nilipiga mpira mbovu, ukaanguka mfupi mbele yake. Alifika mapema. Alikuwa na muda wa kufanya lolote alilotaka. Alisubiri, akaupiga polepole kwenye wavu, na badala ya kuutazama mpira akatazama viti. Nilifuata macho yake. Mume wake alikuwa amekaa nyuma ya Madame, na aliitikia kwa kichwa, kidogo sana, kama anavyofanya mtu anayekubali kwamba mahesabu yako ni sawa.

 Kilichonishika hapo kwetu tunakiita nsoni, haya inayokushika mwili mzima mpaka usijue mikono uiweke wapi. Niliwaona wote mara moja: Madame anatabasamu, wageni wanainamiana masikioni, baba yangu amesimama na kofia. Nilikuwa nachezeshwa kama mtoto anayeachiwa ashinde ili asilie, na nilikuwa nimecheka na kurukaruka mbele ya watu.

Nikaamua kushindwa. Sikuwaza lolote lingine. Mpira uliofuata niliupiga nje kwa makusudi, mbali, mpaka kwenye ua. Watu wakasema "Oooh" kwa huruma. Uliofuata niliupiga kwenye wavu. Yule mwanamke alinitazama akiwa amekunja uso. Zamu yake ilipofika, akaanzisha mpira nje mara mbili. "Faute," mwamuzi alisema. "Double faute." Nami nikajibu kwa kuanzisha wangu nje. Ikawa hivyo. Wanawake wawili wazima, kila mmoja anamsukumia mwenzake ushindi kama sahani ya chakula kibovu. Nilipoupiga mpira miavulini, yeye uliofuata aliukosa kabisa, raketi ikapita hewani. Nilipochelewa makusudi, yeye aliteleza akaanguka kwa goti. Watu wakadhani tumechoka kwa woga, wakatupigia makofi ya kututia moyo. Mahali pengine ningecheka.

Tulipobadilishana upande alisimama karibu nami kwenye ndoo ya maji. Goti lake lilikuwa linatoka damu. Alijifanya anakunywa.

"Nakuomba," alinong'ona kwa Kifaransa. "Mume wangu ananitazama."

Lakini hakusema kwa ile "tu" ambayo Wazungu walitumia kwetu sote, mtoto, mpishi, mwalimu au babu. Alisema "vous", ile ya heshima. Alikuwa Mzungu wa kwanza maishani mwangu kuniambia "vous", na aliitumia kuniomba nikubali kushinda.

 Nilirudi upande wangu, nikamtazama baba. Alikuwa amejaa furaha uso mzima, amelegeza tai, anamweleza jirani yake kitu huku akionyesha kwa mkono jinsi ninavyopiga. Nikishindwa sasa, nitamwambia nini? Na yule mwanamke, nyumbani kwake, angeambiwa nini?

Nikacheza. Nilirudisha mipira aliyonipa, naye akanipa mingine, mpaka mwamuzi akatangaza jina langu. Wageni wa Brussels walisimama. Madame alikuja uwanjani akanishika mabega akanigeuza kwa mpiga picha. Mkono wa yule mwanamke ulikuwa baridi nilipoushika. Hakunitazama tena, wala mimi sikumtazama.

Ndani ya gari la mission Sista aliendesha mpaka tukavuka reli. Kisha akasema, "Raketi yako ilikuwa chini mno." Hilo tu. Nilielewa kwamba ameona yote, na kwamba hakuwa na jingine la kuniambia lisilozidi kuniumiza.

Cité ilikuwa inatungoja. Wanawake walipiga vigelegele tangu kona ya kwanza. Watoto wa darasa langu walikuwa wametengeneza raketi za mbao na kamba, wanakimbia mbele ya gari. Wenzake baba wa karakana walileta viti na bia, na kila aliyefika baba alimsimulia upya, na kila aliposimulia mipira yangu ilizidi kuwa na kasi. "Muzungu alianguka chini!" alisema. "Kwa goti! Mutoto yangu alimuangusha!" Akaniita niinue mkono wa kulia watu wauone. Nikainua. Mzee mmoja aliushika akaupiga busu. Nilikuwa natabasamu mpaka mashavu yakauma.

Jumapili baada ya misa nilimfuata mama sokoni. Alikuwa anapanga samaki, wakubwa juu, waliovunjika chini. Nilikaa kwenye gunia, nikamwambia kila kitu, mpaka ile "vous". Hakukatiza. Alimhudumia mteja mmoja katikati ya maneno yangu, kisha akanigeukia tena.

"Yee alijuwa kucheza?" aliuliza. "Ule mwanamuke?"

"Alijua kuliko mimi, mama. Sana."

"Na bote balijuwa?"

"Wazungu, ndiyo. Nadhani."

Alipangusa mikono kwenye kitambaa chake. "Usimuambie baba yako."

"Anajisifu mji mzima, mama. Watu wakijua..."

"Njo maana usimuambie. Anafanya kazi na Bazungu tangu uko katika tumbo. Hata siku moja hawajamupigia makofi." Akanipa samaki mmoja nimfunge katika karatasi, kwa sababu mteja mwingine amefika. "Mimi nimesikia. Inatosha. Tubebe tuko wawili."

Mchezo wa pili ulikuwa katikati ya wiki. Nilipangiwa mke wa Mgiriki mwenye duka la vitambaa, mwanamke mpana mwenye mikono ya kuvuta majora. Wale wakubwa hawakumwalika kwenye karamu zao. Alikaa peke yake na chupa ya maji akisubiri zamu. Sijui kama hakuambiwa chochote, au aliambiwa akakataa. Sikuwahi kujua. Ninachojua ni kwamba mpira wake wa kwanza ulinipita kabla sijainua raketi.

Nilikimbia siku ile kuliko siku yoyote. Alinitoa kona hadi kona kama Sista, ila kwa nguvu ya mwanamume. Alijizomea kwa lugha yake kila alipokosea, na alipopata pointi ngumu alipiga paja lake. Seti ya kwanza nilipata gemu mbili. Ya pili, moja. Gemu ile moja ilitukawiza, ikaenda na kurudi, na nilipoishinda alinitazama kwa hasira ya kweli. Nilitaka kumshukuru kwa ile hasira. Lakini nisijidanganye nikasema kwamba niliridhika. Nilikuwa nimeshaonja makofi, na sehemu yangu moja ilikuwa inangoja, hata katikati ya jasho lile, kwamba labda huyu naye atalegea kidogo. Hakulegea. Kuigundua tamaa hiyo moyoni mwangu kuliniaibisha zaidi ya kufungwa.

Wazungu walimpigia makofi machache. Nilimsikia mmoja akisema kwamba yule mama hana adabu. Madame aliondoka kabla hatujapeana mikono.

Baba hakungoja gari la mission. Tulirudi pamoja kwa miguu, tai yake imo mfukoni. Tulipofika njia ya reli akasimama.

"Uliringa," alisema.

Nilihamisha raketi mkono mwingine.

"Uliwafunga mara moja, ukazani Bazungu ni bepesi. Hukufanya tena mazoezi. Miye niliona. Siku ya kwanza mikono yako ilikuwa na nguvu, leo ulikuwa unakimbia tu kama kuku." Aligusa tai mfukoni. "Nimeambia bantu bote waje."

Ningeweza kumwambia pale pale. Gari moshi la mizigo lilikuwa linapita, likanipa muda wa kufikiri, mabehewa mengi, mengine bila shaka aliyatengeneza yeye. Lilipokwisha kupita nikasema, "Ndiyo, baba. Niliringa. Unisamehe."

"Kujivuna ni kubaya," alisema, na akatangulia.

Kiangazi kilichofuata Madame alikuja tena shuleni, mchangamfu, ameleta raketi mpya ndani ya mfuko wake. Alinikuta darasani, wasichana wakinakili ubaoni. Tulisimama mlangoni.

"Mwaka huu tumepanga vizuri zaidi," alisema. "Yule mke wa Mgiriki tumemweka upande mwingine. Utafika nusu fainali!"

"Nani atanifikisha, Madame?"

Hakuelewa kwanza. Kisha uso wake ukawa mwekundu kuanzia shingoni. "Nani amekuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa uwanjani."

Alitazama glovu zake. "Mume wa yule mpinzani wako wa kwanza alituhakikishia kwamba hutagundua," alisema polepole. "Tulikutakia mema, mtoto wangu."

Naamini kweli alinitakia mema. Nilichokiona mimi ni meza fulani, vikombe vya kahawa, na watu wamekaa wakijadiliana kama nina akili ya kutosha kugundua, na wamekubaliana kwamba sina. Nilimwambia sitacheza. Kumkatalia mwanamke kama yule siku zile hakukuwa jambo dogo. Sista angeweza kulipia, na mimi ningeweza kupoteza kazi yangu.  Madame alibaki kidogo, akaufunga mfuko wa raketi, akasema kwamba amesikitika, na nadhani hakudanganya. Sista alihamishiwa mission ya Lukafu baadaye. Sijui kama ni kwa sababu hiyo. Uwanja wa kichuguu ulimomonyoka mvua zilipoanza, hakuna aliyeushindilia tena.

Jioni ya siku ile Madame alipokuja, baba aliniuliza kama Wazungu wamenialika.

"Hapana, baba. Hawakunialika."

"Ni juu ya ile siku ulimuangusha Muzungu," alisema. "Uliwatia nsoni."

Mama alikuwa anapuliza moto. Aliniangalia kupitia moshi, akasogeza kigoda cha pili kwa mguu, nami nikaenda kukaa karibu naye kumenya vitunguu.